Meno Arobaini na Matatu

Koplo Omari alikuwa amelala chali chini ya mabaki ya gari, miguu ikichungulia nje, akiwatukana mmoja mmoja Waingereza waliolibuni. Hakuwa na kinyongo nao. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Ufundi aliupata jeshini huko Burma, na sasa alikuwa dereva wa lori la polisi la Same. Ulipotaka akufungulie kitu ilikubidi uvumilie na mdomo wake.

Sajenti Tumainieli alisimama juani akingoja. Hakupenda kungoja, na Jumatatu ile alikuwa na sababu. Kesho saa tano treni ya Moshi ingepita Same, na ndani yake angepandishwa Ledama, mfugaji wa Kisiwani, akiwa na pingu mikononi, kwenda kujibu shtaka la kumuua Reginald mwana wa Nathanael. Shtaka la namna hiyo humalizikia kwenye kitanzi. Tumainieli, ambaye ndiye aliyemkamata, alikwisha kuanza kuona kwamba amekamata mtu siye.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Reginald, mtoto wa mwenye malori ya kahawa, alikuwa amenunua gari dogo la mbio la viti viwili kutoka kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Alikuwa akilitengeneza aende akashindane na Wazungu na Wahindi, na Same nzima ilijivunia jambo hilo, hata wale aliowarushia vumbi. Ijumaa alipanda nalo milimani, Mhezi, kumsalimu shangazi yake. Alipokuwa akishuka, kona ya nne ilimshinda, akaenda chini na gari lake. Bomba la mafuta ya breki lilikutwa limekatika. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Ledama alikuwa ameonekana ameinama kando ya gari, sime kiunoni, na mwezi mmoja nyuma alikuwa amemtishia Reginald sokoni kwa ajili ya mtamba wake aliyegongwa. Inspekta wa Kiingereza hakuhitaji zaidi ya hapo.

“Afande, inama uone,” Omari alisema, akajivuta nje na kipande cha bomba mkononi. “Sime ikikata huacha mdomo laini. Hili limenyofoka. Limevutwa na mawe huko bondeni.”

“Inspekta anasema lilikatwa nusu, njia ikamalizia.”

“Basi Inspekta na anuse hii.” Omari alimsogezea ngoma ya breki. Chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau, na shuu za ndani zinazoibana zilikuwa zimeungua zikawa makaa. “Bomba likikatika, breki haishiki. Isiposhika haiungui. Hizi zimefanya kazi mpaka zikafa, Bwana. Kijana amekanyaga breki maili nne.”

Tumainieli alinusa. Harufu ilimkaa kooni.

“Reginald alizaliwa juu ya barabara ile,” alisema. “Mtoto wa Mhezi anajua kwamba unashuka kwa gia, breki unaigusa tu. Kwa nini yeye akanyage?”

“Gia ilikuwa namba mbili. Imekwamia humo humo, nimeiona.”

“Kwa hiyo alishuka inavyotakiwa.”

“Alishuka inavyotakiwa, na gia haikumshika. Sasa hapo,” Omari alisema akichukua spana nyingine, “ndipo tunapokwenda kuuliza difu.”

Ilichukua zaidi ya saa moja kuifungua ile difu, meno ya nyuma yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Omari aliiweka juu ya gunia, akaipangusa grisi, akatia chaki kwenye jino moja la gurudumu kubwa. Kisha akaagiza punje za mahindi kutoka jikoni. Kwa kila jino lililopita mbele yake aliangusha punje moja ndani ya kofia ya Sajenti. Tumainieli alizihesabu mara mbili. Zilikuwa arobaini na tatu. Lile gurudumu dogo linalosukuma kubwa lilikuwa na meno kumi.

“Ya kiwandani si hii,” Omari alisema. “Ya kiwandani ni arobaini na moja kwa manane. Ukiwa gia ya juu, tairi likizunguka mara moja, injini imezunguka mara tano na ushei. Hiyo tunaiita fupi. Haina mbio, lakini mlimani ni nyumbu. Hii ni ndefu: tairi mara moja, injini mara nne na kidogo. Tambarare itakuacha mdomo wazi. Ikipanda inahema, na ikishuka injini haina nguvu ya kulizuia gari. Namba mbili yake imelegea, iko nusu njia kwenda namba tatu.”

“Reginald alikuwa nazo zote mbili. Mbaraka mwenye gereji aliniambia Jumamosi. Ndefu kwa mbio za tambarare, fupi kwa mlima. Walikuwa wakizibadilisha.”

“Basi aliyempeleka Mhezi na hii alimpeleka kaburini. Na kuna jingine.” Omari alimwongoza mbele, kwenye injini aliyokwisha kuifunua. “Kemshafti nayo ni mpya. Ona nundu zake zilivyonenepa. Valvu zinakaa wazi muda mrefu, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mbio inaimba, na ikiwa chini haina pumzi. Gari halikuwa na kitu cha kulishika.”

“Dereva angejua. Akianza tu kupanda angejua kwamba difu si yenyewe.”

“Angejua, naam. Mimi ningejua kabla ya maili moja.”

Tumainieli alizimwaga punje chini, akavaa kofia. Fundi wa gari lile alikuwa mmoja tu, Asheri mwana wa Simeoni, na jina hilo lilimpandisha damu usoni. Jumamosi Inspekta alikuwa amemwuliza kama kuna mtu mwingine mwenye kisa na marehemu. Kisa kilikuwapo, na kila mtu alikijua: miezi kumi na sita iliyopita Reginald alimgonga na kumuua Ruthi, dada yake Asheri, akitoka kuchota maji. Lakini Nathanael alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Simeoni, amebeba jani la isale lililofungwa fundo, akaomba msamaha wa mwanawe mbele ya koo zote mbili. Mzee Simeoni alilipokea, na Asheri akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba. Isale ikishapokewa, kisa kimekwisha. Atakayekifufua atakuwa ameitukana milima yote. Mpare atauza ng'ombe kushinda kesi ya mbuzi, utani huo ni wa kweli, lakini jani hachezei. Kwa hiyo Tumainieli, Mpare mwana wa Mpare, alimjibu Inspekta kwa kifua mbele: “Asheri hawezi, Bwana. Alipokea jani.” Ndipo wakaenda kumkamata Ledama.

Alimkuta Ledama amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, jicho moja limevimba. Askari waliomleta hawakumleta kwa upole.

“Ijumaa uliinama kwenye gari kutafuta nini?”

“Damu ya mtamba wangu. Nilitaka kuona kama ameiosha.”

“Na sokoni ulisema utamtoa roho.”

“Nilisema.” Ledama alimtazama kwa lile jicho zima. “Watu wote walisikia. Wewe, mtu anayetaka kuua kwa kujificha huanza kwa kutangaza sokoni?”

Tumainieli alifunga mlango wa mahabusu. Swali lile alipaswa kujiuliza mwenyewe siku mbili nyuma. Alikwenda kwa Inspekta akamweleza habari za breki na difu. Inspekta alisikiliza huku akitazama saa, kisha akasema hawezi kumwachia mtu kwa sababu ya punje za mahindi. Aletewe mwingine, na aletewe kabla ya treni.

*

Mhezi walifika saa nane mchana, lori likilia kila kona. Shangazi yake Reginald, Mama Eliaichi, alikuwa uani anapepeta maharage, kichwa amekifunga kaniki ya msiba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuniambia mmemnyonga huyo mfugaji?”

“Tumekuja kuuliza. Ijumaa Reginald alipofika, alizungumza nini juu ya gari?”

“Huyo alikuwa na mazungumzo mengine?” Mama Eliaichi aliweka ungo chini. “Alifika amekunja uso. Akasema limehema njia nzima, akashuka kona mbili kulitazama. Nikamwambia si uliache, ushuke na lori la baba yako. Akacheka. Akasema, ‘Shangazi, difu ni ile fupi, ya mlimani, Asheri ameifunga jana. Kinachokohoa ni kemshafti mpya. Fundi ameniambia ikipanda itakohoa, nisiijali, itazoea.’”

“Alisema hivyo hasa? Difu fupi?”

“Mimi najua difu ni nini? Ninakwambia alivyosema. Maneno ya mwisho ya mtoto huyashiki?”

Tumainieli alimtazama Omari, naye Omari akatikisa kichwa polepole. Kitendawili kilikuwa kimeteguka. Kemshafti mpya kweli inalifanya gari likohoe mlimani, na kila fundi atakuapia. Ukiifunga siku moja na difu isiyo yenyewe, dereva atasikia ugonjwa wa difu, na wewe umekwisha kumpa jina la kemshafti. Kazi ya halali ilikuwa imewekwa mbele ili kuficha ile ya haramu.

“Mnamfikiria Asheri?” Mama Eliaichi aliuliza. Alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. “Acheni. Yule alipokea jani. Nilikuwapo.”

“Nilikuwapo na mimi, mama,” Tumainieli alisema. Hasira ilimshika hapo hapo uani, na haikuwa ya askari. Ilikuwa hasira ya mtu aliyeapa kwa jambo na jambo likamfedhehesha.

*

Gereji ya Mbaraka ilikuwa bati nne na sakafu ya udongo ulioshiba mafuta. Asheri alikuwa peke yake, akiosha mikono kwa petroli. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa kusema, ambaye wazee walipenda kumtolea mfano.

“Shikamoo, Afande.”

“Marahaba, Asheri. Alhamisi ulimfanyia Reginald kazi gani?”

“Kemshafti na difu. Zote siku moja.”

“Difu ipi?”

Asheri alipangusa vidole. “Ndefu.”

“Nani aliichagua?”

“Mwenyewe. Alitaka kuijaribu kabla ya mashindano.”

“Alikuambia Ijumaa anakwenda wapi?”

“Hakuniambia. Mimi ni fundi tu, safari za watu siulizi.”

“Vizuri. Na kemshafti, ulimweleza tabia zake?”

“Nilimweleza, kama inavyopasa. Kwamba chini haina nguvu. Ikipanda itakohoa, asiijali.”

“Ikipanda wapi?”

Asheri alianza tena kupangusa vidole.

“Hukujua anakwenda wapi,” Tumainieli alisema. “Na hapa Same, kutoka gereji hii mpaka stesheni, hakuna kilima cha kumkohoza hata mbuzi. Ulimwandaa kwa mlima gani?”

“Ni maneno tu, Afande. Kupanda ni kupanda.”

“Reginald alimwambia shangazi yake kwamba difu aliyonayo ni fupi. Aliamini hivyo mpaka anakufa. Nani alimwambia?”

Macho ya Asheri yalikwenda kwenye rafu, yakarudi upesi. Omari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipita akashusha kifurushi cha gunia, akakifungua. Difu fupi ilikuwa mle ndani, imepakwa grisi, safi. Omari hakuhitaji punje. Aliyahesabu meno manane ya gurudumu dogo kwa sauti, akaiweka mezani.

Asheri alivuta kigoda akakaa. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

“Miezi kumi na sita, Afande. Kila wiki alikuwa analeta gari hapa. Ananiletea soda. Ananishika bega, ananiambia, ‘Sisi ni ndugu sasa, Asheri, jani limetuunganisha.’ Ruthi alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwokota mwenyewe, na ndoo yake. Halafu nikamfungia nati aliyemuua, nikamsikiliza anavyocheka.”

“Ungelikataa jani. Nani angekulazimisha?”

“Ningelikataa, angeniletea gari lake?” Asheri alimtazama kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. “Unayemkataa hakuamini. Nilipoweka mkono juu ya mkono wa baba, nilikwisha kujua nitamuua. Sikujua kwa spana ipi tu.”

Omari alianza kuifunga difu ndani ya gunia lake. Tumainieli alijisikia mkono unataka kupiga, akautia mfukoni.

“Kesho Ledama anapanda treni,” alisema.

“Simjui huyo. Si mimi niliyemkamata.”

“Hapana. Ni mimi, kwa sababu nilikuamini wewe. Kesho saa tatu utasimama ofisini kwa wilaya mbele ya Bwana Shauri na kusema ulichokifanya.”

“Nikikataa? Difu ndefu si kosa. Chuma ni chake, alikinunua mwenyewe. Maneno ya shangazi aliyefiwa, na ya kwangu ambayo nitayakana. Bwana Shauri atamnyonga nani kwa hayo?”

Hapo alisema kweli, na wote watatu walijua.

“Ukikataa,” Tumainieli alisema, “nitatoka hapa niende moja kwa moja kwa Mzee Simeoni. Nitamwambia ulilishika jani ukiwa na nini moyoni.”

Rangi ilimtoka Asheri. Kitanzi hakikumwogofya, alikuwa amekaa nacho miezi kumi na sita, lakini hili hakulitarajia.

“Baba alikwenda kanisani siku ile akamshukuru Mungu kwa ajili yangu,” alisema. Kisha akauliza: “Nikisema kwa Bwana Shauri, hayo ya jani yatabaki hapa?”

Tumainieli hakumjibu. Alichukua kofia yake mezani akaivaa, akainyoosha. Asheri alikichukua kimya kile kuwa ni ndiyo, naye Tumainieli alimwacha akichukue.

*

Saa tatu ofisi ya Bwana Shauri ilikuwa imejaa. Habari zilikwisha kupanda mlimani kwa njia zake, na kwenye benchi la nyuma Mzee Simeoni alikuwa amekaa na kikapu cha chakula cha mwanawe mapajani. Ledama alisimama kando, pingu mikononi.

Asheri alisema yote ya chuma. Alieleza meno ya difu, akaeleza kemshafti na jinsi alivyomdanganya dereva. Alipoulizwa sababu, alisema dada yake aliuawa na mwuaji akaenda zake nyumbani. Karani aliandika. Bwana Shauri, Mwingereza wa makamo aliyesema Kiswahili cha vitabuni, alivua miwani yake. Alionekana kuguswa. Alisema Ledama afunguliwe sasa hivi, na kwamba katika barua yake kwenda Moshi ataandika kuwa kijana huyu alipotewa na akili kwa huzuni, na mahakama imwonee huruma.

Pingu zilitoka. Ledama alisugua vifundo vya mikono, akapita mbele ya Asheri na kusimama.

“Mimi ningekuja mchana,” alimwambia, akatoka nje bila kumuaga mtu.

“Kuna jingine, Sajenti?” Bwana Shauri aliuliza.

Asheri aligeuka kumtazama. Tumainieli aliyaona macho yale yakiomba, akafurahi. Miaka mingi baadaye angekubali hata mbele ya mkewe kwamba alifurahi.

“Lipo, Bwana,” alisema. Akaeleza. Alieleza jani ni nini, nani alilileta, nani alilipokea, na mkono wa nani uliwekwa juu ya wa nani. Kisha akarudia neno kwa neno aliyoyasema Asheri gerejini. Koplo Omari aliulizwa kama ni kweli. Alisema ni kweli, huku anatazama viatu vyake.

Bwana Shauri alivaa tena miwani. “Basi hii si huzuni,” alisema. “Huu ni mpango.” Akamwambia karani aliandike lote.

Asheri alikuwa ameinamisha kichwa tangu neno la kwanza la jani, na hakukiinua hata askari walipomtoa kwa mlango wa pembeni.

Chumba kilipungua watu. Mzee Simeoni alikuja polepole mpaka kwenye meza ya karani, bado ameshika kikapu.

“Umeandika kwamba mkono wake ulikuwa juu ya wangu?”

“Nimeandika, Mzee.”

Alitikisa kichwa akakiweka kikapu chini, taratibu, chakula kisimwagike. Nje, barazani, Tumainieli alimfuata. Furaha ilikuwa bado imo, lakini haikumkaa vizuri.

“Mzee, lori liko hapa. Omari atakurudisha nyumbani.”

“Siendi nyumbani. Nakwenda kwa Nathanael.”

“Wako matangani, Mzee. Leo si siku yake.”

“Yeye alipokuja kwangu, sisi hatukuwa matangani?” Mzee Simeoni alitazama juu, barabara inakoanza kupanda. “Alikuja kwa miguu, na mimi nitakwenda kwa miguu. Isale nitaikata njiani, uani kwa mtu yeyote atakayenipa.”

“Basi lori likufikishe hata nusu.”

“Wewe umekwisha kunifikisha, Sajenti.” Hakusema kwa ukali. Aliuinua mkono wake wa kulia, akaufungua, akautazama na kumwonyesha. “Niambie tu, wewe unayejua mengi. Mkono huu ukimnyoshea jani, Nathanael ataliaminije?”

Treni ya Moshi ilipiga honi ikikaribia stesheni. Tumainieli alisimama na kofia mkononi, naye mzee akateremka ngazi akashika njia.